Meno ya Naserian

Walimu wenzangu vijana,

Kabla sijaondoka mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kufundisha honi. Joeli ndiye aliyesema, "Mama, andika hata kurasa chache, sisi tutasoma." Nimestaafu mwezi uliopita. Nina kahawa ya kupogoa na migomba ya kupunguza, lakini mvua ya juzi imenifungia ndani, kwa hiyo nimekaa mezani. Mmoja wenu alinisihi nisiandike kwa uchungu. Nitajitahidi kwenye ukurasa huu wa kwanza. Mbele ya hapo siahidi.

Honi ninayoizungumzia si ya gari. Ni ile inayoitwa ya Kifaransa, bomba refu la shaba lililokunjwa mviringo, domo lake pana likitazama nyuma ya mpigaji. Naeleza hivi kwa sababu baadhi yenu mmeiona stoo tu, nyuma ya maspika, na mmoja aliwahi kuniuliza kama ni sehemu ya jenereta.

Nilifika kituoni nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa kwaya kutoka upande wa mashariki wa Meru. Kituo chetu cha muziki cha kanisa kilikuwa nyumba mbili za mbao juu kidogo ya Olmotonyi, karibu na msitu wa misindano. Siku hiyo ala zilikuwa zimeletwa kwenye masanduku na wanaume walifika mapema. Nilipoingia, tarumbeta zote zilikuwa zimeshapata wenyewe, na wenye tromboni walikuwa tayari wanachomana mbavu. Likabaki sanduku moja la duara. Mtu mmoja akasema, "Hiyo mpeni dada, haina makelele."

Mwalimu wetu alikuwa mzee Anaeli, Mmeru mwenzangu, aliyepiga honi kwenye bendi ya jeshi mpaka akastaafu. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Alinivutia kigoda karibu naye.

"Wamekupa ngumu kuliko zote," akasema, "na wanadhani wamekupa rahisi. Kaa hapa."

Wale wanaume waliogombea tarumbeta waliondoka mmoja mmoja, wengi kufuata bendi za harusi mjini. Mimi nilibaki hadi mwezi uliopita. Sijui kama hilo ni la kujisifia.

Kwa wiki nzima Anaeli hakuniruhusu kugusa honi yenyewe. Alinipa kipulizio tu, kile kikombe kidogo cha kuwekea midomo, nikawa natembea nacho bustanini nikitoa sauti ya nyuki. Kisha akanifundisha kuimba kila noti kabla ya kuipuliza. Sababu yake ni hii, na nawaomba muishike hata kama mtafundisha ala nyingine. Sauti za honi zimekaa karibu karibu mno. "Tarumbeta ukikosea inakupa sauti mbaya," alikuwa akisema. "Honi ukikosea inakupa sauti nzuri ya jirani, na kanisa zima linageuka." Mkono wa kushoto kwenye valvu, wa kulia ndani ya domo, umekunjwa kama unachota maji. Kipulizio kikae zaidi juu ya mdomo wa juu, kidogo tu mdomo wa chini. Huo ndio msingi.

Mengine niliyajua kwa kuumia. Nyuzi za valvu zikikatika, mshipi wa kuvulia samaki unafaa kuliko kamba yoyote. Mafuta ya cherehani yanafaa. Ya nazi hayafai, maana huku kwetu mwezi wa saba yanaganda. Kuna mwenzetu aliyepaka mafuta ya nazi usiku wa kuamkia sikukuu ya mavuno, na asubuhi akasimama madhabahuni na honi isiyobonyezeka, akabaki kuipungia mkono kama anamuaga mtu. Asubuhi za baridi ikumbatie honi ndani ya kitenge kabla ya ibada, la sivyo sauti yake itakuwa chini ya za wenzake mpaka mahubiri. Usile ndizi mbivu wala miwa kabla ya kupiga. Sukari ikiingia ndani ya bomba, sisimizi wataijua kabla yako.

Kisha kuna meno. Mnajua maji ya kwetu na madini yake. Wageni wote hutuuliza kwa nini watoto wanacheka na meno ya rangi ya chai, na sisi tumechoka kueleza. Meno ya mzee Anaeli yalikuwa ya rangi hiyo, na uzee ulipofika yalianza kumeguka kama chaki. Mpiga honi anaegemea meno ya mbele. Yakiondoka, sauti inaondoka nayo. Kwa muda alifundisha kwa kuimba, na wanafunzi wake walipiga vizuri kuliko wa mwalimu yeyote. Lakini uongozi ukasema mwalimu asiyepiga si mwalimu. Aliondoka bila hata chai ya kumuaga. Nilimsindikiza hadi barabara ya lami nikiwa nimembebea mfuko. Aliponyoosha mkono kusimamisha gari aliniambia, "Ile honi ya pili, valvu ya tatu, usiisahau mafuta." Akapanda. Alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata.

Nikawa mwalimu wa honi peke yangu. Sasa niwaeleze kuhusu Naserian, maana bila yeye sina sababu ya kuandika.

Alikuja kutoka Nduruma akiwa amemaliza darasa la saba, binti wa Kiarusha, mrefu, mkimya, ameletwa na mwinjilisti wa mtaa wao aliyemsikia akiimba. Nilimpa kipulizio, akakiweka mdomoni, hewa ikavuja yote upande wa chini. Nikamwambia afungue kinywa. Meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo. Walikuwa wamemng'oa akiwa mdogo, kama walivyofanya wazee wa kwao.

"Basi mimi nirudi nyumbani, mwalimu?" akauliza.

"Nani amekuambia urudi?"

"Naona unavyonitazama."

Alikuwa ameona sawa. Sikujua la kufanya, na Anaeli hakuwepo wa kuulizwa. Tulianza kutafuta. Tukajaribu kupandisha kipulizio, kukiteremsha, kukisogeza pembeni. Nilimweka mbele ya kioo, nikakaa naye kioo kimoja, mimi nikiyafunika meno yangu ya chini kwa mdomo, kama hayapo, nione anavyohisi. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba akisukuma taya mbele kidogo, na kuukaza mdomo wa chini kama anataka kupiga mluzi, hewa haivuji tena. Ilimchosha vibaya. Mashavu yalimuuma mpaka akawa anakunywa uji tu. Lakini sauti ilitoka.

Baba yake, mzee Loishiye, alikuja kumtazama muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha. Alisimama mlangoni na shuka lake na fimbo, akanisalimia, kisha akaniita pembeni.

"Yeyo," akasema, akiniita mama kwa Kimaasai ingawa alinizidi umri, "msichana akipuliza kitu hiki kila siku, kizazi chake kitabaki?"

"Baba, mimi nina watoto watatu."

Akanitazama juu hadi chini kama anayewahesabu. "Na wote wazima?"

"Wazima. Mmoja mkorofi."

Akacheka. Akaingia, akakaa kwenye benchi la nyuma, akasikiliza mazoezi mpaka mwisho, fimbo katikati ya magoti. Tangu hapo akawa anakuja mara kwa mara, na kila mara aliniletea kibuyu cha maziwa. Hakuwahi kusema kama muziki ni mzuri. Alisema tu, "Nimemsikia kutoka kule barabarani."

Nimefundisha watu wengi. Wengine ni walimu, wengine wako kwenye bendi kubwa, na huwa wananipigia simu Krismasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sauti ya Naserian. Ilikuwa nene bila kuwa nzito. Akipiga sauti ya pili ya wimbo wa kanisani, ile ambayo kwa kawaida hakuna anayeisikiliza, watu walikuwa wanaacha kuimba ya kwanza na kumfuata. Niliwahi kuona kwaya nzima ikipotea kwa sababu yake. Mwalimu wa kwaya alikasirika. Mimi nilifurahi siku tatu.

Akiwa kidato cha tatu, wageni kutoka ng'ambo walikuja. Walikuwa na bendi ya shaba ya kanisa lao, wakataka kualika vijana wetu kupiga pamoja nao huko kwao. Kulikuwa na nafasi moja tu ya honi. Pamoja nao alikuja mzee mmoja, fundi wa honi, aliyetembea kwa mkongojo. Wanafunzi wangu walipiga mbele yake mmoja mmoja. Zamu ya Naserian ilipofika, yule mzee alifumba macho. Binti alipomaliza, mzee alimnyooshea kidole, akasema neno moja. Mkalimani akatafsiri, "Huyu."

Sote tulikuwepo. Mkurugenzi wa kituo alikuwepo. Mzee Loishiye alikuwepo, nyuma, kwenye benchi lake. Nilimwona akikunja shuka vizuri begani kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye baraza.

Wageni walipoondoka, Mkurugenzi aliniita ofisini. Jina lake silitaji, ameshafariki na watoto wake ni watu wazuri.

"Mwalimu, umefanya kazi nzuri sana na yule binti," akaanza. Nikajua kuna jambo. "Lakini kule watapigwa picha. Kutakuwa na kalenda. Mtoto akicheka, pengo. Watu watasema huku bado tunang'oa watoto meno."

"Wageni wamemwona. Hawakusema kitu."

"Wageni ni wapole. Mimi ndiye ninayejibu. Tumeona aende Glory."

Glory alikuwa mtoto wa ndugu wa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Alikuwa ameanza honi baada ya Pasaka. Hakuwa mtoto mbaya, na naomba mnielewe hapo. Lakini alikuwa bado anatafuta noti kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Glory hawezi kupiga," nikasema.

"Glory ana mwonekano."

"Mwonekano hausikiki."

"Mwalimu, usinijibu hivyo. Wewe ndiye utakayemweleza huyo mwingine, maana anakuamini."

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikatoka.

Alimwambia mwenyewe, kweli. Alimwambia Jumamosi baada ya mazoezi, bendi nzima ikiwa imesimama, kwa sauti ile ya matangazo ya kanisa. Alisema kwamba kwa sababu ya hali ya meno yake, uongozi umeona apumzike safari hii. Alitumia neno hilo, apumzike.

Naserian hakulia. Alikuwa ameshika honi. Alichomoa bomba dogo, akamwaga maji, akaigeuza taratibu, akamwaga tena kama nilivyomfundisha. Akaifuta na kitambaa chake. Kisha akamkabidhi Glory, akamwambia, "Valvu ya tatu inakwama kukiwa na baridi. Ipashe kwanza." Akachukua mfuko wake akaenda.

Nilimkuta Mkurugenzi kwenye gari lake, nikamwambia kama Naserian haendi, na mimi siendi. Nilikuwa nimepangwa kusafiri nao kama mwalimu. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege maishani, na mpaka leo sijapanda. Nilidhani atashtuka.

"Sawa," akasema, akawasha gari.

Nafasi yangu alipewa mwalimu wa kinanda, akarudi na koti zito na habari za theluji zilizodumu miaka. Nimewaza mara nyingi kuhusu ile "sawa". Mtu anapotoa kitu kikubwa alichonacho, anategemea angalau kigombaniwe.

Kalenda ilikuja kweli, ikatundikwa ofisini mwaka mzima. Glory alikuwa katikati ya picha, anacheka, meno meupe, maana alikulia mjini kwa maji mengine. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye valvu na wa kushoto ndani ya domo. Kinyume kabisa. Kila mtu anayejua honi angeona mara moja. Watu waliingia na kutoka ofisini humo mwaka mzima, na hakuna aliyesema.

Naserian hakurudi muhula uliofuata. Nilikwenda Nduruma kumfuata. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Loishiye alinikaribisha, akanipa kigoda, akanipa maziwa. Hakuketi.

"Yeyo," akasema, "yale meno niliyatoa mimi."

"Najua, baba. Ni mila."

"Hapana. Wenzake wengine hawakutolewa. Mwinjilisti alishatukataza. Lakini mama yangu alisema mtoto akiugua taya zikakaza, tutamnywesha uji kwenye pengo hilo. Kulikuwa na mtoto wa ndugu yangu aliyekufa hivyo. Nikaogopa. Nikamshika mwenyewe kichwa." Akaonyesha kwa mikono jinsi alivyomshika. "Sasa nyinyi mmesema nimemharibu."

"Mimi sikusema."

"Shule yako imesema."

"Baba, meno hayakuwa na kosa lolote. Yule mgeni alimchagua. Ulikuwepo, ulisikia."

"Nilisikia pia lililofuata."

Nilimweleza kila kitu, habari za mwenyekiti, za Glory, za kalenda. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza alisema, "Wewe ni mtu mzuri. Lakini unatoka kule kule." Kisha akamwita binti yake aje kunisalimia.

Naserian alikuja na kuni kichwani, akazitua, akaniamkia. Nikamwambia honi inamsubiri, nitamtetea, bado ni mdogo. Alitazama alikosimama baba yake kabla ya kunijibu.

"Mwalimu, nikipiga tena, yeye atakuwa anasikiliza nini?" akasema kwa sauti ya chini. "Atakuwa anasikiliza meno tu."

Nilirudi na kibuyu cha maziwa mkononi.

Miaka iliyobaki naweza kuimaliza haraka. Walikuja wakurugenzi wengine. Kikaja kinanda cha umeme kinachopiga tarumbeta, filimbi, honi, hata mvua ya radi, na kijana mmoja akikibonyeza anakuwa bendi nzima. Ala za shaba zikaingia stoo. Niliendelea kufundisha nadharia, nikisahihisha noti za watoto ambao hawatapuliza chochote. Yeyote kati yenu akipata nguvu ya kufungua ile stoo, aanze na nyuzi za valvu. Nyingi zimeoza.

Halafu ikaja sherehe ya kuniaga, na mlikuwepo. Mnakumbuka Glory alisimama kuzungumza. Siku hizi ana ofisi yake mjini na anazungumza vizuri sana. Alisema mimi ndiye niliyemfungulia dunia, kwamba bila honi niliyomfundisha asingefika ng'ambo, asingekuwa alivyo. Mkapiga makofi na vigelegele. Kisha mshereheshaji akanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani.

Nilikuwa nimepanga kusema asante. Badala yake nikasema niliyoyaandika hapa, kwa ufupi zaidi, pamoja na jina la Naserian, pamoja na neno apumzike. Niliwaona wazee wa kamati wakitazama sahani tupu. Nikamaliza. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akasema, "Tunamshukuru mwalimu wetu kwa maneno mazito. Sasa tuelekee kwenye chakula, tukianza na meza kuu." Akawasha muziki.

Pilau ilikuwa nzuri, nyama laini. Niliila yote.

Glory alinifuata nikinawa mikono. Macho yalikuwa mekundu. "Mwalimu, mimi sikujua," akasema. Nilimjibu kwamba alijua, kwa sababu alikuwa amesimama pale akiipokea honi. Akainamisha kichwa, hakubisha. Nilimheshimu kidogo kwa hilo.

Na wewe, Joeli, ulikuja na sahani mkononi ukaniuliza, "Mama, huyo Naserian yuko wapi sasa?" Wewe peke yako ndiye uliyeuliza. Nilikujibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nakujibu vizuri sasa.

Yupo Nduruma, ameolewa jirani na kwao, analima vitunguu, na siku za soko utamkuta Kwa Mrombo akiuza. Nikipita ananiamkia, ananiongezea vitunguu juu ya nilivyonunua, tunaulizana habari za watoto, naondoka. Muziki hatuutaji. Anaishi maisha yake, na sitaki umsumbue.

Ninayetaka umwone ni baba yake. Mzee Loishiye yu hai. Macho yamefifia na sikio moja halisikii, lakini akili yote ipo. Nimekwenda kwake mara nyingi kumwambia hakuharibu kitu, na kila mara ananipa maziwa na haniamini. Kwake mimi bado natoka kule kule. Wewe hukuwepo siku zile. Hukuwa hata umezaliwa. Labda wewe atakusikiliza.

Teremka hadi Nduruma, ulizia boma lake, kila mtu atakuonyesha. Inamisha kichwa umwamkie, umngoje aguse utosi wako kabla ya kusema lolote. Kunywa maziwa atakayokupa hata kama hupendi. Kisha kaa upande wa sikio zima, mwambie unafundisha kwenye shule ya muziki, na kwamba walimu wa sasa wanajua kuwa binti yake alichaguliwa. Mwambie hivyo hivyo, alichaguliwa, na aliyemwondoa alikuwa mtu, hayakuwa meno.

Atakuuliza kama una hakika. Mwambie unayo.